Pole Ingetosha

Mshona mapazia alikuwa mtu wa kuomba radhi. Akipishana na mtu mlangoni, yeye ndiye husema samahani. Akijigonga kwenye meza, huiambia meza pole. Siku moja mama mkwe wake alimsikia akiiambia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo akamwita Bi Pole, na jina likamganda.

Waliishi watatu: Bi Pole, mumewe ambaye alikuwa fundi umeme, na huyo mama mkwe. Mama alikuwa amepata kiharusi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito, hivyo alitumia kiti cha magurudumu. Kila wiki Bi Pole alimpeleka hospitali kufanya mazoezi. Alimsaidia kuketi mbele, akakikunja kile kiti na kukiweka kwenye buti la gari. Gari lenyewe lilikuwa dogo na la zamani, lakini mwenye mguu mzito hachagui usafiri, mama alipenda kusema.

Na mguu ulikuwa umeanza kurudi. Wiki moja, huko hospitali, mama alisimama peke yake, ameshika chuma tu. Mtaalamu wa mazoezi alifurahi sana. Akawaonya wasikose hata wiki moja, maana mguu ni kama mtoto wa shule, ukiacha kuufundisha husahau.

Walikuwa wakirudi nyumbani. Taa ya barabarani ilikuwa nyekundu, na Bi Pole alikuwa amesimama. Mama alikuwa bado anasimulia habari za mguu wake. Ghafla wakasikia kishindo nyuma. Gari likaruka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Bi Pole alimwangalia mama kwanza. Mama alisema haumii popote, akamtuma aende kuangalia gari.

Aliyewagonga alikuwa mzee fundi saa. Watu wengi walimjua. Kibanda chake kilikuwa karibu na duka ambalo Bi Pole hununua vitambaa. Mzee alishuka polepole. Mikono yake, ile inayoshika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga, ilikuwa inatetemeka.

Watu walianza kukusanyika. Mmoja akamkejeli mzee, akamuuliza kama macho ameyasahau nyumbani. Wengine wakacheka. Mzee akainamisha kichwa.

Bi Pole hakuweza kuvumilia. Akasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Babu, usihangaike. Kosa ni langu. Nilifunga breki ghafla."

Haikuwa kweli. Lakini kicheko kilikoma, na watu wakaanza kuondoka.

Buti lilikuwa limebonyea kidogo tu, kama unga uliobonyezwa kwa kiganja. Taa moja ya gari la mzee ilikuwa imevunjika. Wakakubaliana kwamba kila mtu atatengeneza lake. Wakapeana mikono. Hawakupiga picha. Hawakuandika kitu. Wakaachana kwa amani.

Gari lilipoondoka, mama akauliza, "Mwanangu, si tulikuwa tumesimama?"

"Tulikuwa tumesimama, Mama. Lakini ungeiona mikono yake."

Mama akampapasa bega.

Walipofika nyumbani, buti lilikataa kufunguka. Bi Pole alivuta, akasukuma, akalibembeleza. Kiti cha magurudumu kilikuwa ndani.

"Basi kiti changu kimefungwa jela," mama alisema, "na hata kesi hakijasomewa."

Mumewe Bi Pole alipotoka kazini, alimbeba mama mgongoni mpaka ndani. Kesho yake akaleta fundi wa magari. Fundi alilifungua buti kwa chuma, akachungulia, akatikisa kichwa. Kwa nje ni kibonyeo tu, alisema, lakini kwa ndani vyuma vimejikunja na vinakaribia kugusa tairi. Gari lisiendeshwe. Matengenezo yake hayakuwa madogo, na akiba ya nyumba ilikuwa imeishia kwenye matibabu.

Bi Pole alihesabu wiki moyoni. Akaona mguu wa mama ukisahau.

Kabla hajajua la kufanya, mgeni alibisha hodi. Alikuwa kijana mrefu, mtoto wa fundi saa, aliyeelekezwa nyumba hiyo kwenye duka la vitambaa. Aliongea kwa adabu. Alisema taa ya gari lao ni ghali, na boneti nayo imepinda. Kwa kuwa dada mwenyewe alikiri mbele ya watu kwamba kosa ni lake, alikuwa amekuja kuomba walipwe.

Mumewe Bi Pole akamtazama mkewe. Bi Pole akatazama sakafu. Alipofungua mdomo, kilichotoka ni samahani tu. Kijana akaahidi kurudi baada ya siku chache, akaaga.

Mlango wa pili aliishi dada mmoja aliyekuwa wakala wa bima. Jioni hiyo alikuja kuchukua mapazia yake, akamkuta Bi Pole anashona huku analia. Wakala aliyaweka mapazia pembeni, akataka aelezwe yote tangu mwanzo. Bi Pole akaeleza.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu," wakala alisema. "Kusema pole si vibaya. Sema pole hata mara mia. Lakini kusema kosa ni langu ni kama kutia saini. Usitie saini kwenye jambo ambalo si lako."

Bi Pole akauliza kama kumaliza mambo wenyewe kwa wenyewe ni kosa. Wakala akasema si lazima liwe kosa. Ukiwa mkwaruzo tu, hakuna aliyeumia, na nyote mnakubaliana jinsi ilivyotokea, mnaweza kuelewana. Mara nyingine hiyo ndiyo njia nafuu, maana bima nyingi humtaka mwenye gari achangie sehemu ya gharama, na anayedai mara kwa mara hukosa punguzo. Lakini kwanza fundi alichungulie gari kwa ndani. Pigeni picha. Andikianeni jina, simu, namba ya gari na kampuni ya bima. Mkielewana, muandike na mtie saini. Na hata kama hamdai kitu, waarifuni watu wa bima mapema, kwa sababu ukikaa kimya wanaweza kukataa kukulipa baadaye.

"Na mtu akiumia?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani.

"Hapo hakuna cha kuelewana pembeni, Mama. Ni hospitali na polisi. Shingo inaweza kukaa kimya leo, ikapiga kelele kesho."

Kisha akaeleza lililobaki. Bi Pole na mzee, kama wenye magari wengi, walikuwa na bima ile inayowalipia watu unaowagonga, si gari lako mwenyewe. Bima ya mzee ingeweza kulitengeneza gari la Bi Pole, maana yeye ndiye aliyemgonga. Lakini kama Bi Pole angeshikilia ule uongo, gharama ya buti ingekuwa juu yake, na kuipa kampuni ya bima habari za uongo ni udanganyifu. Siku za kutoa taarifa hazikuwa zimekwisha. Lakini zisingemsubiri mtu mwenye haya.

Asubuhi Bi Pole alienda kwenye kibanda cha saa. Njia nzima alitamani kurudi. Alimkuta mzee ameinamia saa, kilenzi, kile kioo cha kukuzia, kiko jichoni. Akamsalimia, "Shikamoo, babu." Mzee akamwitikia bila kuinua kichwa.

Bi Pole hakujua aanzie wapi, akaanzia kwa mama. Akamweleza habari za mguu, za kiti, za buti. Mwisho akasema, kwa sauti ndogo, "Babu, sikufunga breki ghafla. Nilikuwa nimesimama. Nilisema vile ili wasikucheke."

Mzee akatoa kilenzi, akakiweka mezani.

"Najua, mjukuu wangu. Ulinifunika kwa shuka lako. Lakini lilikuwa fupi, wewe umebaki wazi." Akainua ile saa. "Saa nikiishika mkononi naiona. Cha mbali ni ukungu mtupu. Sikumwambia mtu. Nani ampe saa yake fundi asiyeona? Ulipolichukua kosa, nikashukuru, nikaendelea kuendesha. Jana nusura niwagonge watoto wanaovuka barabara. Sijalala."

Bi Pole aliketi. Alikuwa amedhani uongo wake haukumdhuru mtu ila yeye mwenyewe.

Mzee alimwita mwanawe, akamwambia ukweli mbele ya Bi Pole. Kijana aliona haya, akaomba msamaha. Siku hiyo hiyo walienda polisi pamoja, kisha kila mmoja akaiarifu bima yake. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Kila mmoja alisema kilichotokea, basi. Bima ya mzee ikamtuma mkaguzi, naye akalikagua gari na kuidhinisha matengenezo. Taa na boneti mzee alilipia mwenyewe, kwa kuwa bima yake haikuhusu gari lake.

Wakati gari liko kwa fundi, yule kijana ndiye aliyempeleka mama mazoezini. Mama hakukosa hata wiki moja. Alimchosha kijana kwa maswali ya lini ataoa.

Gari liliporudi, mzee alikuja na mwanawe kuwatembelea. Alikuwa amevaa miwani mipya. Alisimama mlangoni, akamtazama Bi Pole kwa muda mrefu.

"Kumbe ni binti mdogo hivi," alisema. "Siku ile nilidhani nimemgonga mama wa makamo."

Mama alicheka. Kisha akashika ukingo wa kiti chake, akasimama taratibu kumpokea mgeni. Bi Pole alirudi nyuma haraka ili ampishe, akajigonga kwenye meza.

"Pole," akaiambia meza.

"Ishia hapo hapo," mama akasema. "Pole inatosha. Usije ukaiambia kosa ni lako."