Filamu Iliyokatikia Kasumbalesa

Siku Mapalo alipomwona Hénoc kwa mara ya kwanza, alianza kuona kidole. Kidole kinene cha dereva wa lori, kimenyooshwa mpaka karibu na pua yake, katikati ya soko la Kenya. Nasema ule mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi ya wanaoshinda mbio. Ulikuwa mchana wa watu kubanana kiasi kwamba ukipiga chafya, wa meza ya tatu ndiye anayejifuta.

Mapalo alikuwa na kibanda cha kuingiza filamu. Unaleta simu yako au kle ya USB, unasema unataka nini, anakujazia. Alikuwa na kompyuta moja, spika mbili, na kiti kimoja cha plastiki ambacho mteja hakuruhusiwa hata kukitamani. Siku hiyo alivaa kitenge cha njano, na nywele zake zilisukwa zikasimama juu, kama vile nazo zilikuwa tayari kujibu.

"Miye nilikuomba filme ya vita," mwenye kidole alisema. "Vita. Bantu banapigana, banaanguka, iko muzuri. Sasa unanitilia nini? Bazungu banapika keki. Bazungu banapamba muti. Mwanamuke anaacha kazi ya mujini, anarudia kwabo, anapenda muntu wa kuuzisha maua. Na theluji iko inaanguka tu."

Mapalo alimkumbuka. Wiki moja nyuma alifika pale akamwita kwa mluzi, kama anaita mbwa. Mapalo hakumgombeza. Alimjazia kle yake yote filamu za Noeli, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambazo ukishaona mwanzo mwisho umeshaujua. Yeye mwenyewe alizipenda kuliko chakula. Kwa hiyo ilikuwa adhabu, lakini adhabu yenye sukari.

"Na uliangalia?" akauliza.

Kidole kikashuka kidogo. "Nilikuwa mu foleni ya Kasumbalesa. Lori haisogei. Ningefanya nini?"

"Yote?"

"Yote. Na bashoferi benzangu, bote."

Hapo ndipo kisa chenyewe kilipotoka. Bashoferi wa foleni nzima ya pale mpakani walikuwa wamekusanyika kwenye kichwa cha lori lake, watu wenye ndevu, wanaume wa kubadilisha tairi kwa mikono mitupu, wakimwangalia mwanaume mmoja wa kizungu aliyeondoka na treni akimwacha mchumba wake. Noeli ikafika. Mwanamke akapanga sahani, akakaa akiangalia mlango. Mlango ukafunguka, na papo hapo filamu ikakatika, kioo kikawa cheusi. Mzee mmoja wa Ndola alitaka kumpiga Hénoc. Sasa Hénoc alikuja, ameacha mzigo na amekunja ndita, kudai mwisho wake.

Nikuambie jambo ambalo Hénoc hakuambiwa. Mapalo naye hakuujua mwisho ule. Nakala yake ilikuwa mbovu, ikifia palepale. Lakini angeanzaje kukiri kosa mbele ya mtu anayepigia wanawake mluzi?

"Mulango unafunguka," akasema, akitunga. "Njo yeye. Mwanamuke anangojea maneno. Hasemi kintu. Anavuta kiti, anaikala, anakula."

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo tu. Ulitaka bapigane?"

Hénoc alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, na Mapalo akaona kwamba meno yake yalikuwa mazuri. Jambo hilo lilimuudhi sana.

Watu wa soko walizoea kumcheka Mapalo kwa ajili ya filamu zile. Binti wa jua hili anatafuta nini kwenye theluji? Hawakujua kwamba macho yake hayakuwa kwenye theluji. Yalikuwa kwenye mlango. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa kusema "niko mu njia." Alisema hivyo kwa simu Noeli moja baada ya nyingine, chakula kikapoa, watoto wakasinzia na nguo zao mpya, mpaka mwaka ambao alikufa hukohuko njiani. Kiti chake bado kilikuwa mezani kwa mama yake Mapalo, Mama Constance, na hakuna aliyekikalia. Ndiyo maana filamu zile zilimkamata Mapalo: ndani yake, aliye mbali hufika. Kila mara. Hata gari likikwama, hata treni ikikosekana, chakula hakipoi kabla hajafika.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, kwa sababu mapenzi ya dereva huota hewani. Hénoc alimwita sukari ya foleni. Mapalo alimwita Bwana Mluzi. Alikuwa mchokozi, huyo Hénoc, mwenye kumwiga afisa wa forodha mpaka Mapalo anaacha wateja wake wamesimama. Kila alipopita mjini aliketi juu ya spika, kiti kikabaki cha mwenyewe.

Ikaja Noeli ya mwaka jana. Sasa, kwa watu wa Mapalo, mwanaume hajiombei mke. Anamtuma shibukombe, mshenga mwenye umri na mdomo, naye anabeba sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mchumba mwenyewe anakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hasemi, hali, mpaka mkubwa wa ukoo amfungue kinywa. Na mkubwa wa ukoo ni mujomba Kangwa, kaka wa mama, ambaye hushuka kutoka Kambove mara moja kwa mwaka, siku ya Noeli, na koti lake na hukumu zake.

Papa Nkandu, jirani wa Hénoc kule Kasungami, alifika na sahani. Kigoda kikabaki kitupu. Simu ya Mapalo ikalia, na sauti kutoka foleni ya Kasumbalesa ikasema, "Chérie, niko mu njia."

Angeweza kusema maneno mengine yote ya dunia.

Mujomba Kangwa alitamka kwamba atangoja Noeli moja tu. Kigoda kikiwa kitupu tena, sahani ile isirudi katika nyumba ile. Mapalo alilala na hasira, akaamka nayo, akaivaa mpaka Pasaka.

Mwaka huu Hénoc alikataa mizigo ili awe mjini mapema. Mapalo alipopata habari hiyo alifurahi. Furaha yenyewe haikumaliza hata asubuhi moja.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Noeli, soko limefurika. Ghafla spika za jirani zikapiga kengele. Watu wakafungua njia, na Hénoc akatokea katikati, amevaa sweta nzito nyekundu yenye paa wa pembe ndefu kifuani, jasho likimtiririka kama mtu anayeogeshwa. Nyuma yake wenzake wawili walibeba ndoo. Hénoc akapiga magoti mbele ya kibanda, akatoa pete. Wenzake wakaanza kurusha theluji.

Theluji ilikuwa unga wa mahindi.

Unga uliangukia nywele. Uliangukia simu za wateja. Uliingia kwenye kompyuta kwa kila tundu Mungu aliloliruhusu, na kompyuta ikakohoa, ikazima. Wamama wauza unga walishika vichwa na kuuliza ni wazimu gani huu wa kumwaga bukari, ugali wa watoto, chini. Vijana walikuwa wameinua simu, wanarekodi.

"Mapalo wangu," Hénoc alisema, na unga kwenye kope. "Unakubali kunioa?"

Alichanganya hata nani anamwoa nani. Soko likacheka. Mapalo akafunga kibanda chake polepole, kufuli, ufunguo, akajipangusa kitenge. Kisha akainama, akamwambia kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele:

"Simama. Uko unaniharibishia kazi, unaniharibishia jina, na uko unaniomba mu soko kama nyanya."

Akaondoka. Hénoc akabaki amepiga magoti, na kuku mmoja akawa anadonoa theluji.

Kabla Mapalo hajafika nyumbani, video ilikuwa imefika Kambove. Mujomba Kangwa alipiga simu, na Mama Constance akalazimika kuishika mbali na sikio. Mwanaume anayempigia magoti binti kabla hajamsalimia mjomba wake, alinguruma, ameruka dirishani na mlango uko wazi. Asikanyage pale.

Ajabu ni kwamba maneno hayo yalimwongezea Mapalo hasira, lakini kwa mjomba. Aliyemwagiwa unga ni yeye. Kompyuta iliyokufa ni yake. Hasira ile ilikuwa mali yake halali, na hakuna mzee wa Kambove aliyekuwa na haki ya kuichukua na kuitumia atakavyo.

Hénoc alipiga simu mpaka simu ikawa ya moto. Hatimaye Mapalo akapokea, na hakusema alo.

"Nilifikiri njo vile unapendaka," Hénoc alisema, sauti imenywea. "Mu filme banapiga magoti, theluji inaanguka, mwanamuke analia."

"Siku ya kwanza nilikuambia mwisho ya filme. Ule bwana alipiga magoti?"

Upande wa pili Hénoc akawa anajipangusa unga.

"Hénoc, nakuuliza. Alipiga magoti?"

"Hapana."

"Alifanya nini?"

"Alivuta kiti."

"Basi, mu kichwa mulikuwa nini, kama haikukuwa unga?" Akavuta pumzi. "Unasikia? Kuya Noeli na Papa Nkandu. Uikale ku kigoda. Ufunge kinywa. Na vaa shati, siyo ile sweta ya nyama wa pembe."

"Na mujomba?"

"Ya mujomba uniachie."

"Chérie, niko mu—"

"Usimalize ile neno," Mapalo akasema, akakata.

Noeli ilikuja na mvua. Bati lilipigwa kama ngoma, na ndani kulikuwa na bukari, kuku, viwavi wa kukaanga na beseni la matunda ya masuku. Mujomba Kangwa alikaa kichwani pa meza na koti lake, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Hodi ilipopigwa, Mama Constance alifungua bila kumtazama kaka yake. Papa Nkandu akaingia na sahani na kitambaa cheupe. Nyuma yake akaingia Hénoc, shati jeupe limemgandia mwilini kwa mvua, akaketi kwenye kigoda, magoti yakamfikia masikioni.

Kumfukuza mtu siku ya Noeli ni dhambi, na mujomba alikuwa Mkatoliki. Hakuwasalimia. Alimwagiza tu Mapalo awashe televisheni, tena kwa sauti kubwa, ili asisikie mtu anapumua.

Mapalo akainuka. Alikuwa na kle nyingi. Alichagua moja.

Mujomba aliponda filamu ile tangu mwanzo. Watu wasio na kazi, alisema, wanapamba mti usiozaa matunda. Lakini treni ilipoondoka na yule mwanaume, aliacha kutafuna. Mwanamke alipoanza kupanga sahani, alimnyamazisha dada yake kwa mkono. Mlango wa kwenye filamu ukafunguka, mujomba akasogea mbele na koti na kila kitu, na kioo kikawa cheusi.

Mujomba aliitukana televisheni, waya na kiwanda kilichoitengeneza. Akapiga meza, masuku yakaruka.

"Inakufaka paale, mujomba," Mapalo alisema kwa upole usio wake.

"Na mwisho?"

Mapalo akaonyesha mlangoni kwa midomo. "Ule njo nilimuambiaka mwisho."

Mujomba alimgeukia Hénoc. Hénoc aliangalia vidole vyake vya miguu. Papa Nkandu, ambaye hakuwa ameguswa hata na salamu, akakohoa kwa heshima.

"Mutoto wangu hana kinywa mu nyumba hii, mukubwa. Kinywa yake iko ku mukono yako."

"Aseme. Ile ya filme tu."

"Kinywa haifungukaka nusu."

Mvua ikanyesha. Mshipa wa shingo ya mujomba ukainuka, ukashuka. Aliangalia kioo cheusi, akaangalia sahani ya kitambaa cheupe, na ungedhani anaamua vita na amani.

"Afungue basi," akasema. "Afungue, kwa hasira yangu yote."

Hénoc akainua kichwa. "Mulango unafunguka. Njo yeye, mvua imemulowesha. Mwanamuke anangojea maneno. Lakini maneno alishasemaka mingi, mujomba, na chakula ilipoa. Sasa hasemi kintu. Anavuta kiti, anaikala, anakula."

Theluji ya filamu ikawa imegeuka mvua, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mama Constance alijifuta macho na ncha ya kitenge. Mujomba alimwangalia kijana aliyekunjana kwenye kigoda. Kisha akaangalia kiti cha marehemu shemeji yake, kilichosimama mezani bila mtu mwaka baada ya mwaka.

"Vuta kiti," akasema.

Hénoc akagusa kigoda.

"Siyo ile. Hii."

Mapalo ndiye aliyempakulia. Aliitupa bukari kwenye sahani ikalia pa, akaongeza paja la kuku bila upole wowote, akainama karibu naye. Kwenye sikio lake, baada ya mvua yote ile, bado kulikuwa na unga.

"Nakupenda, na bado niko na kasirani," alimnong'oneza. "Kompyuta yangu utaitengenezesha lini?"

Hénoc hakusema kitu. Akala.