Msichana Aliyezima Jua

Kila akirudi kutoka shuleni, Tatiana aliwasha mbabula, jiko lao la makaa, na kubandika maji ya bukari, ugali wa jioni, kabla mama yake hajafika. Siku ile mbabula ilikaa baridi. Alikuwa amemaliza mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu ya shule yao, pale Kolwezi, na mama yake, Godelieve, hakupewa hata nafasi ya kuvua kanga iliyolowa maji ya kuoshea madini kabla ya kuanza kusomewa.

Katika mchezo huo, wachimbaji wanamfukuza msichana shimoni, wakidai shaba hukimbia mwanamke akikaribia. Yeye amejifunza darasani kwamba jua litapatwa adhuhuri, basi anawatisha kwamba atalizima. Giza linaingia, wanaume wanapiga magoti, naye anapita akicheka.

Tatiana alingoja sifa. Mama alikunja uso.

"Leo banaume ba Dady, mukubwa wa shimo, balinifukuza na mawe, banasema mi ninakimbiza madini. Na weye unaandika kama tunaweza kuzima jua? Siku jua litapatwa kweli, batapiga nani?"

Tatiana alipandwa na hasira. Alisema huo ni mchezo tu, na kwamba hata vitabuni kupatwa kwa jua huwasaidia mashujaa. Alitaka kutoka aubamize mlango, ndipo akaona mkono wa mama, umevimba pale jiwe lilipompata. Hasira haikumwisha, ila iliwageukia waliolirusha. Alifuta mwisho wote wa mchezo.

Sikukuu ilipofika, Dady, mkuu wa lile shimo, alikaa mbele kwa sababu binti yake alikuwa akiimba. Jukwaani, msichana aliwatangazia wachimbaji mapema kwamba mwezi utapita mbele ya jua. Giza likaja, likaondoka, hakuna aliyepiga magoti.

"Jua halikuzimwa na mimi," akasema. "Shaba nayo haijakimbia. Basi mnatufukuza kwa nini?"

Mchezo uliishia hapo. Mama Godelieve akasimama katikati ya wazazi, sauti ikimtetemeka kwa hasira.

"Tata Dady, mutoto ameuliza. Mujibu."

Dady alitazama mkono wa mama, uliokuwa umefungwa kitambaa. Alikiri mbele ya watu kwamba hana jibu, akaomba radhi, akasema hakuna mwanamke atakayefukuzwa tena.

Njiani mama alikuwa bado amenuna. "Dady angetuogopa, angetafuta jiwe kubwa zaidi," alimwambia Tatiana. "Usishinde mutu na uongo wake. Umuambie kweli, hata kama unatetemeka."

Walipofika nyumbani, Tatiana aliwasha mbabula.