Kitanzi cha Mita Elfu Moja na Mia Tatu

"Mvua imenyesha Kamsamba. Watoto watatu wamelowa."

Redio ya Motorola ilitamka maneno hayo mara moja, ikanyamaza.

Nikodemo Silwimba, afisa wa idara ambayo haina kibao mlangoni, aliielewa salamu hiyo. Watoto wengine watatu walikuwa wamelazwa kwa kunywa maziwa ya unga yaliyooza.

Alibonyeza kitufe. "Kuna mzigo mwingine?"

"Leo, kabla ya saa nne," ilijibu sauti ya mkuu wake, aliyejulikana kwa jina moja tu, Kilima. "Lori hatulijui. Yapo mia mbili foleni."

"Nimeelewa."

"Usilikose, Nikodemo."

Saa yake ya Seiko ilionyesha saa tatu kamili asubuhi.

Mpango wa wahalifu ulikuwa mwepesi, na wepesi wake ndio uliotia kinyaa. Kila lori lililoingia Tunduma kutoka ng'ambo lilikaguliwa kwanza yadini. Mkaguzi akiukataa mzigo, aliandika namba ya lori kwenye kompyuta, na taarifa ikasafiri kwa laini ya simu ya kidijitali, kilomita mbili, hadi lango la kutokea. Hapo namba ilitokea kwa rangi nyekundu juu ya ubao wa taa, mbele ya askari wote, na kizuizi hakikufunguliwa. Lakini mara mbili kwa wiki laini ilikufa kwa dakika arobaini. Ilipokufa, kanuni iliruhusu malori yapite kwa karatasi yenye mhuri. Na mihuri, palipo na watu wasio na haya, hupatikana.

Juu ya meza ya nyumba ya wageni palikuwa na vifaa vinne. Aliyevileta ni Ferista, fundi wa laini, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu kwa kukesha. Mtoto wa dada yake alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Kibali cha kuingia langoni kina mstari mmoja tu wa kuandika kifaa cha ufundi, kaka," alisema. "Ukikutwa na viwili, unarudishwa. Chagua vizuri."

Nikodemo aliinua simu ya fundi, ile ya rangi ya chungwa yenye vibanio viwili.

"Hiyo ni ya laini za zamani. Ukiibana kwenye ya kidijitali utasikia mvumo tu, na utaivuruga. Watajua upo."

Akainua mita ya umeme, Fluke ya njano.

"Itakuambia waya ni mzima. Hilo tunalijua."

"Na hiki?" Akagusa kifaa cha tatu.

"Hicho hutuma mshindo wa umeme na kusubiri mwangwi. Huonyesha waya ulipokatika. Ila haujakatika. Dakika arobaini zikiisha, laini inarudi yenyewe."

"Waya mzima haufi na kufufuka wenyewe," alisema Nikodemo. "Huo ni mkono wa mtu."

Kilibaki kisanduku cha kijivu, kidogo kama Biblia ya mfukoni.

"Mafundi wenzako hubeba hiki?"

Ferista alicheka kwa uchungu. "Wanabeba kile cha bei rahisi, kinachohesabu makosa tu. Kikisoma sifuri wanaandika 'laini safi', wanakwenda kunywa chai. Miezi minane sasa! Hiki kinahesabu pia, lakini kinaweza kutuma makosa kwa makusudi. Tena kinapima muda wa safari."

Nikodemo alikitia mkobani. Bastola ya Beretta aliifunga kwenye kifundo cha mguu.

Alikuwa amechagua.

Msimamizi wa lango, Gasper, alikuwa anakula utumbo wa kuchoma juu ya daftari la serikali. Mafuta yalichuruzika hadi kwenye kiwiko. Alikipokea kibali kwa vidole hivyo hivyo.

"Karibu, mzee wangu. Fundi mpya? Wazee mnachelewa kustaafu siku hizi!"

Nikodemo alitazama doa la mafuta lililotapakaa juu ya saini ya mkaguzi.

Saa tatu na dakika ishirini, kompyuta ya lango iliacha kupokea taarifa.

"Mtandao umelala, mabosi!" Gasper alipaza sauti, karibu kwa furaha. "Karatasi! Wenye mihuri wasogee!"

Injini zilinguruma. Nikodemo aliichomoa laini, akachomeka kisanduku chake na kusoma.

Makosa: sifuri.

Gasper alichungulia begani kwake, akinuka kitunguu. "Si nilijua? Taa ya kijani, makosa hakuna. Andika 'safi', mzee, ukapumzishe magoti."

Nikodemo alibonyeza kitufe cha pili. Alituma makosa kumi, kwa hesabu kamili.

Yakarudi kumi.

Aliyekuwa anajibu hakuwa mkaguzi wa yadi. Nikodemo alikuwa anaongea na nafsi yake. Mahali fulani njiani, mtu alikuwa ameunganisha waya wa kwenda na waya wa kurudi, akafanya kitanzi. Kila kilichotumwa kiligeuka na kurejea, kisafi, kijani, cha uongo. Na kizazi kizima cha mafundi wavivu kilikuwa kimepiga saluti mbele ya taa hiyo.

Alibonyeza cha tatu. Muda wa safari: mikrosekunde kumi na tatu.

Ndani ya waya ule, umeme ulisafiri mita mia mbili kwa kila mikrosekunde. Sita na nusu kwenda, sita na nusu kurudi.

Alichomoa kisanduku, akairudisha laini kwenye kompyuta, akasogea kando na kunong'ona redioni. "Ferista. Mita elfu moja na mia tatu kutoka langoni."

Karatasi ya ramani ilichakarika. "Kabati la nyaya... ndani ya ghala la mahindi. Lile la bati la bluu!"

"Njoo langoni. Tazama ubao."

Honda nyekundu, pikipiki aliyoazimwa na Ferista, ilikuwa nje. Nikodemo aliiwasha, akapenya kati ya malori.

Saa tatu na dakika arobaini.

Harufu ilimpokea kabla ya mlango. Ghalani hapakuwa na hata punje ya mahindi. Palikuwa na marobota ya maziwa yaliyopasuka, unga umegeuka manjano, funza wanatambaa ndani yake kama wali unaotembea. Kando, makopo mapya yenye picha ya mtoto anayecheka yalisubiri kujazwa kwa koleo la kuchotea saruji.

Nikodemo aliyapita, akaelekea kwenye kabati la nyaya.

Mbele ya kabati lililokuwa wazi alikaa Jastin, fundi aliyewahi kufukuzwa kazi, amevaa barakoa puani. Yeye mwenyewe hakuweza kuivumilia bidhaa yake.

"Nani kakutuma, babu?"

"Ondoa kitanzi."

"Cha nini? Watu wa Kamsamba wenyewe hawasomi lebo. Wanatazama picha tu." Jastin alicheka, mkono ukiteleza kuelekea kiunoni.

Beretta ilitangulia.

Risasi moja. Bastola ya Jastin iliruka na kuzama katika unga. Yeye alianguka kando, ameshika kiganja, analia.

Redio ililipuka. "Kaka! Gasper anainua kizuizi kwa mkono! Analipitisha lori moja kabla ya zamu yake, nimesimama mbele yake!"

Nyuma ya sauti yake honi ililia, na dereva akapiga kelele: "Mukwai, tafadhali, dada, toka! Mhuri ninao!"

"Nikanyage kwanza!" Ferista alimjibu.

Gasper naye: "Muondoeni huyo mwendawazimu!"

Nikodemo alishika waya mfupi wa shaba ulioziba njia kwa miezi minane.

Akaung'oa.

Sekunde moja. Mbili.

"Nyekundu!" Ferista alipaza sauti. "Ubao umewaka! Scania nyeupe, namba ni hii hii! 'Mzigo umekataliwa, haufai kwa binadamu.' Kaka, askari wameiona wote!"

Chuma kiligonga chuma. Kizuizi kilikuwa kimeshuka.

Nikodemo aliporejea langoni, Gasper alikuwa amekalishwa chini kwa pingu, midomo ingali inang'aa mafuta. Ferista alikuwa ameketi kwenye bampa la Scania ile, na hakuruhusu mtu amwinue.

"Mzee wangu," Gasper aliomboleza, "mimi ni wa karatasi tu. Mzigo huu wa leo, sawa. Lakini yale makopo ya Mlowo siyajui kabisa!"

Nikodemo aliinama hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Sikukuuliza habari za Mlowo."

Gasper alifumba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Nikodemo aliomba maji na sabuni. Alinawa mikono mara mbili, taratibu, hadi viwikoni, kisha akamkabidhi Ferista kisanduku cha kijivu na ufunguo wa Honda.

"Andika kwenye daftari," alimwambia. "Usiandike 'safi'. Andika ulichokiona."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma, akasimamisha basi la kwanza lililoelekea Mlowo, akaketi dirishani.