Alhamisi Bila Udi

Kufuli la mlango wa Bi Mwanasiti lilijifungua asubuhi peupe, na spika ya sebuleni ikasema kwa adabu, "Karibu nyumbani." Bi Mwanasiti akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu. Akaufunga kwa mkono wake, kisha akampigia simu binti yake.

"Mahira, vyombo vyako vimemkaribisha mtu nisiyemwona."

"Ni hitilafu ndogo, Mama. Tutaiangalia."

Vyombo vilikuwa vyake kweli. Mahira alikuwa mtafiti wa chuo kikuu kimoja hapo mjini, na kampuni moja ilidhamini kazi yake: kuchunguza kwa nini taa, kufuli, kengele za moshi na spika zinazoongea hukosea majumbani, na kuzifundisha zijirekebishe. Zilihitajika nyumba za majaribio. Peres, mama mmoja wa mtaa wa Kinoo, alikubali, na wengine wachache. Ya kwanza kabisa ilikuwa fleti ya mama yake mwenyewe, mtaa wa Kileleshwa. Bi Mwanasiti angemkataliaje mtoto aliyemsomesha kwa kuuza mahamri?

Shida kubwa zaidi ilikuwa kengele ya moshi. Kila Alhamisi magharibi Bi Mwanasiti alitia udi kwenye chetezo, akakizungusha chumba kwa chumba kama mama yake alivyofanya kwao Lamu, na kila Alhamisi kengele ilipiga ukelele mpaka majirani wakatoka kwenye korido. Omollo, fundi wa kampuni, alichoka.

"Ambia mamako awache hiyo moshi wiki kadhaa tu," alisema. "Inaharibu data yote."

Mahira aliona haya. Msomi mzima, na mama yake anafukizia majini sebuleni! Akaenda kumwambia.

"Udi huo si wa kunukia, mwanangu," Bi Mwanasiti alisema. "Ni ahadi ya bibi yako kwa jini wetu. Mwenyewe akipata chake, hutulia. Asipopata, atajitafutia."

"Mama, tafadhali. Usiniaibishe mbele ya watu wa kampuni."

Neno hilo lilimchoma Bi Mwanasiti. Akakipandisha chetezo juu ya kabati.

Alhamisi ya kwanza bila udi kengele ilinyamaza, na Omollo akafurahi kama mtoto. Alhamisi iliyofuata nyumba nzima ilinuka udi, ingawa chetezo kilikuwa palepale kabatini, baridi, kimeshika vumbi. Taa zikawa zinawaka na kuzimika, moja baada ya nyingine, zikifuata vyumba kwa mpangilio uleule wa Bi Mwanasiti.

Ya tatu, Mahira alikuwepo. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha kwenye simu ya mama yake wakati kufuli lilipojifunga, kisha taa za korido zikawaka, zikaja jikoni, zikaja chumbani, zikaja mpaka juu ya kochi walipokaa, na ile harufu ikaja nazo, nzito, ya kukaba koo, na ndani ya spika mtu akakohoa, kikohozi cha mzee aliyesafiri mbali, akavuta pumzi, akauliza kwa sauti ya Bi Mwanasiti, ileile iliyomwimbia Mahira utotoni, "Udi wangu uko wapi?" huku Bi Mwanasiti mwenyewe ameketi kando yake, amemshika mkono, mdomo wazi, na hakuna sauti inayotoka.

Maalim Abdulfatah aliletwa kutoka madrasa moja ya mjini. Alisoma, akafukiza, akaamuru vifaa vyote ving'olewe ukutani. Harufu ikaondoka. Lakini sauti ya Bi Mwanasiti haikurudi.

"Humu ametoka," Maalim alinong'ona. "Hakutoka mikono mitupu. Hivi vyombo vyenu, yale vinayoyasikia huenda wapi?"

Kila kilichosikika katika fleti ile kilipelekwa kwenye kompyuta za kampuni. Mahira akampigia simu Omollo.

"Zima kila kitu! Usitume chochote!"

"Nishatuma programu mpya, Mahira. Nyumba zote ziko nayo tangu asubuhi. Kwa mamako ndiko mtambo ulijifunza poa kabisa. Hizo kengele za uongo zimeisha. Mabosi wamefurahi sana."

Kampuni ikatangaza kwamba hitilafu imetatuliwa. Wakampigia Mahira makofi ukumbini, wakamwita Daktari kabla ya wakati, naye akarudi nyumbani kumlisha mama yake uji kwa kijiko. Alijichukia kwa kila kijiko.

Simu ikalia. Alikuwa Peres, kutoka Kinoo, anaongea chini chini.

"Mahira, pole kukusumbua. Hii spika yenu iko na shida. Kuna mama mzee anaongea ndani, Kiswahili ya huko Pwani. Anauliza udi wake. Kwani udi ni nini?"

Mahira akaweka kijiko chini.

"Na anakujua jina," Peres akasema, akianza kulia. "Ngoja, ameanza tena. Sikiliza."

Uji ulimwagika kidevuni mwa Bi Mwanasiti. Midomo yake ilikuwa ikitembea, neno kwa neno, bila sauti, na kutoka Kinoo, ndani ya simu, sauti yake ikasema, "Mahira, mwanangu, nifungulie."