Taa ya Kuazimana

Jirani yetu Belarmino Tibaduiza Puentes alikuwa mchukuzi wa jibini. Namtaja kwa majina yake yote kwa sababu Chisatá, kijijini kwetu, kulikuwa na Belarmino Tibaduiza mwingine, wa ukoo wa Niño, aliyefuga mbuzi na kuogopa pikipiki, na haya hayakumpata yeye.

Siku za gulio alifunga vikapu vyake ubavuni mwa pikipiki, akavaa ruana, vazi lake la mabegani la sufi, akapanda mlima uitwao La Ciega, yaani Kipofu, na kuteremka upande wa pili. Kwa miaka mingi hakusafiri peke yake. Mkewe, Herminda Siachoque, alikaa nyuma, kapu la mikate likiwa limening'inia kwenye mkono wake wa kushoto. Kila walipofika mahali pabaya alimgonga mumewe bega la kulia kwa vidole, mara mbili. Maana yake ilikuwa: nipo, nenda.

Herminda alifariki hospitalini Sogamoso, kitandani, kwa ugonjwa wa mapafu. Belarmino aliporudi kutoka makaburini alikunja vikanyagio vya nyuma vya pikipiki, alipokuwa akiweka miguu Herminda. Tangu hapo havikukunjuliwa.

Asubuhi moja ya ukungu, lori la maziwa la Teódulo Chaparro lilimgusa kwa nyuma pale La Ciega. Halikumwangusha, lilimvunjia kapu tu. Teódulo alishuka akitetemeka kuliko yeye, akaapa kwamba hakuona taa yoyote mbele yake. Habari ilifika Bogotá kabla ya jibini kufika sokoni. Binti wa Belarmino, Yaneth, aliyeishi huko, alipiga simu jioni ile. Hakufoka. Alisema akisikia jambo jingine kama hilo atakuja mwenyewe kumchukua, nyumba wataikodisha, na pikipiki itauzwa.

Belarmino alikaa jikoni na simu imeshazimika mkononi. Bogotá alikuwa na chumba kilichokuwa kikimngoja, chenye dirisha lililotazama ukuta. Hapa alikuwa na meko ya Herminda, na aproni yake bado msumarini. Kesho yake alikwenda kwa fundi.

Wilson Pirajón, fundi wa pikipiki kule mjini kwenye gulio, aliikanyaga breki, akachungulia nyuma, akatikisa kichwa.

"Don Belarmino, kwa taa hii hata kimulimuli anakuonea huruma."

Alimshauri aongeze taa ya pili ya breki, ya LED, ndefu kama kiganja, ifungwe juu ya kibao cha namba. Hiyo hula umeme kidogo na nyekundu yake hupenya ukungu. Shida ni kwamba taa zenyewe zilikuwa kwenye basi la Sogamoso, na basi lilikuwa limekwama, kwa kuwa udongo ulikuwa umeporomoka ukaziba barabara. Wilson alimwambia asubiri hadi wiki ijayo. Lakini jibini halisubiri.

Basi gulio lililofuata akapanda La Ciega kwa uangalifu, na pale juu akasimama kwenye kibanda cha roho za toharani, tunazoziita ánimas. Kila dereva wa kwetu anakijua. Ni kijumba cha saruji kisichozidi kimo cha mtu, nacho kimefunikwa kwa taa. Wenye malori huacha hapo taa zao kuukuu, za mbele na za nyuma, ili waliokufa barabarani bila mwanga wapate mwanga, nao wawalinde walio hai. Kupeleka ni desturi. Kuchukua hakuna aliyewahi kusikia.

Katikati ya vioo vilivyopasuka, Belarmino aliona taa ya LED, nyekundu, nzima, waya zake zikining'inia kana kwamba mtu aliikata jana. Alivua kofia. Alikuwa mtu wa adabu, na hakutaka kuonekana mwizi hata mbele ya wasioonekana. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na jirani juu ya ua:

"Wapendwa, tuazimane."

Akaichomoa.

Wilson aliifunga siku ileile. Aliunga waya mmoja kwenye waya wa breki, ule usio na umeme mpaka mtu abane breki, na mwingine akaufunga kwenye chuma cha fremu. Akauliza taa imetoka wapi. Belarmino alijibu kwamba ameazima. Wilson alibonyeza kanyagio la breki, na ukuta wa gereji ukawa mwekundu hadi darini.

"Sasa asiyekuona ni kipofu," akasema, "au ni maiti."

Alasiri Belarmino alikuwa njiani kurudi kwake Chisatá, ng'ambo ya mlima. Ukungu ulikuwa umeteremka mapema. Kule juu huota frailejón, mmea wa kimo cha mtu, wenye shina lililojifunika majani makavu kama joho, na mgeni huweza kudhani watu wamesimama. Belarmino hakuwa mgeni. Alibana breki kwenye shimo, akatazama kioo cha pembeni, akaona ukungu umekuwa mwekundu nyuma yake na frailejón zimesimama ndani yake. Alifurahi. Taa ilifanya kazi.

Aliachia breki, na nyuma yake kukawa kijivu tena.

Mbele kidogo akabana tena. Zilikuwa zimesimama karibu zaidi na barabara. Alijiambia kwamba pale mimea imesogelea lami.

Kisha akafika mahali palipoungua. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita hapo miaka mingi nyuma, na halijaota jani hadi leo. Kuna mawe tu na udongo mweusi. Alibana breki kwa sababu ya maji barabarani. Akatazama kioo.

Walikuwa wamesimama juu ya lami.

Aliachia. Kijivu. Hakuna kitu. Hakuna sauti ila ya injini yake. Ndipo akaelewa: hawakuwa wanakuja taa inapowaka. Walikuwa wanakuja wakati wote. Taa ilimwonyesha tu walipofika.

Akaamua kutobana breki.

Alishusha gia. Injini ikalalamika. Mteremko wa La Ciega ulianza, na pikipiki ikaanza kukimbia. Aliweka mguu mbali na kanyagio. Alitoa vidole kwenye breki ya mkono. Ruana ilimpiga kifuani. Kona ya kwanza aliipita akigusa majani. Nyuma, mbali, alisikia honi ya lori la maziwa. Mbele, kwenye kona ya pili, ng'ombe mweusi alikuwa amelala katikati ya njia.

Alibana zote mbili.

Nyekundu ikajaa dunia nzima. Kiti cha nyuma kikashuka. Kilishuka taratibu, springi zikilia, kama zilivyolia zamani. Baridi ikamgusa mgongo kutoka kiunoni hadi shingoni. Halafu vidole viligonga bega lake.

Mara mbili.

Pikipiki ilisimama pua kwa pua na ng'ombe. Breki za lori zililia nyuma yake, zikalia sana, zikanyamaza. Belarmino hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na jina la Herminda lilikuwa limefika mdomoni. Hapo ndipo alipohisi ni bega gani.

Lilikuwa la kushoto.

Teódulo Chaparro alikuja kwa miguu, uso mweupe kama maziwa yake. Alisema kwamba safari hii aliona. Barabara yote ilikuwa nyekundu, na watu wamejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, na ndio maana alisimama. Sasa hakuwaona tena barabarani, na hakutaka kulizungumza jambo hilo. Akatazama nyuma ya mgongo wa Belarmino, akavua kofia kwa heshima.

"Mpe abiria wako ruana, mzee," akanong'ona. "Atakufa kwa baridi."

Akarudi kwenye lori lake bila kungoja jibu.

Belarmino alimfukuza ng'ombe, akateremka polepole hadi kwenye kibanda cha chai cha doña Ascensión Fonseca, mjane anayefagia kijumba cha ánimas tangu ujana wake. Alipoegesha aliona kikanyagio cha nyuma, cha kushoto, kimekunjuliwa. Kilikuwa na udongo mweusi wa mlimani, mbichi.

Doña Ascensión alimwekea maji ya moto ya sukari guru, akamsikiliza hadi mwisho.

"Ulisema neno gani ulipoichukua?"

"Nilisema tuazimane."

Mama yule aliweka kitambaa mezani.

"Ungesema niazimeni, lingekuwa jambo la upande mmoja. Ungewasha mshumaa, ungerudisha, yameisha. Tuazimane ni pande mbili, don Belarmino. Wewe umechukua chao, na wao wamechukua chako."

"Changu kipi, mama? Mimi sina kitu."

Doña Ascensión alitazama mlangoni, pale pikipiki ilipoegeshwa. Akashusha sauti.

"Huna kitu kilichokuwa kimekaa bure?"

Belarmino aligeuka, akakitazama kiti cha nyuma. Kikombe chake kilipoa.

Mama akamfundisha la kufanya. Aivue taa, airudishe mahali pake, na aseme yote mawili bila kubakiza: nimewarudishia chenu, nirudishieni changu. Asiposema la pili, deni la upande wa pili linabaki.

Wilson aliivua taa bila kuuliza sana. Alikata waya, akafunga ncha zake kwa tepu nyeusi, na juu ya kibao cha namba yakabaki matundu manne ya skrubu. Badala yake alitaka kufunga mojawapo ya zile zilizofika na basi, lakini Belarmino alisema hapana, inatosha.

Alipanda peke yake hadi kileleni. Au si peke yake, kwani springi zilikuwa zimeshuka njia nzima. Aliirudisha taa katikati ya vioo vilivyopasuka, akawasha mshumaa, akavua kofia.

"Nimewarudishia chenu," akasema.

Upepo ulipita, mshumaa ukalala, ukainuka. Lilibaki neno la pili. Alifikiria njia ya kurudi, na kiti cha nyuma chepesi. Alifikiria meko isiyowashwa, na aproni msumarini, na chumba kile cha Bogotá. Alijua vizuri kwamba bega lilikuwa la kushoto. Alisimama pale mpaka mshumaa ukaisha.

Akavaa kofia, akafumba mdomo, akaenda kwenye pikipiki. Akainama mwenyewe, akakunjua kikanyagio cha kulia, kikalingana na cha kushoto.

Yaneth alipopiga simu, baba yake alimwambia asiwe na wasiwasi. Siku hizi hasafiri peke yake. Binti akafurahi, akamwuliza ni nani. Belarmino alisema ni mtu wa huku huku, mpole, haongei sana. Habari ya Bogotá haikutajwa tena.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Wilson Pirajón, ambaye si mtu wa kutia chumvi. Jioni moja ya kiangazi, kabla ya jua kuzama, alikuwa ameifungua pikipiki yake vipande vipande na alitaka kufika kanisani. Belarmino alikuwa anapita. Wilson alimsimamisha, akashika kiti cha nyuma ili apande.

Mzee alimshika mkono. Hakuwa na hasira. Alinong'ona kama mtu anayemwonea haya mgeni wake.

"Hapana nafasi, Wilson."

Wilson alicheka, akadhani ni utani. Akatazama. Kiti kilikuwa kitupu. Vikanyagio vyote viwili vilikuwa vimekunjuliwa, na cha kushoto kilikuwa na udongo mweusi, umelowa, ilhali upande wowote wa mlima haukuwa umepata tone la mvua tangu mwezi uanze. Juu ya kibao cha namba aliyaona matundu yake manne. Aliziona ncha za waya, na tepu aliyoifunga kwa mkono wake.

Belarmino aliondoka. Pale kanisani kuna kona, na lazima kila mtu abane breki. Wilson alisimama barabarani akimtazama, mikono ina grisi, na akaona taa mbili nyekundu zikiwaka.

Ya juu, ya pale penye matundu manne, ilitangulia kuwaka.