Ukimya wa Chumba cha Nne

Gemu yenyewe ilikuwa nyumba moja tu: vyumba vitano, jioni moja, saa mbili unaimaliza. Lakini hizo saa mbili zilitengenezwa kama makampuni makubwa yanavyotengeneza zao za saa mia. Vumbi linaelea kwenye mwanga, bibi kizee anayekaa humo akikasirika mshipa wa shingo unacheza. Watu sita wa Lahore, miaka mitatu. Nani mwingine angethubutu?

Sauti ya yule bibi ilikuwa ya Naseem, mama yake Rukhshanda, na Rukhshanda ndiye aliyekuwa fundi wa sauti kati ya wale sita. Mchana mmoja Rukhshanda anaijaribu gemu, kwenye chumba cha nne bibi akageuka akamwambia, "Viatu, binti."

Maneno hayo mama hakuwahi kuyarekodi.

"Kaka Tauqeer, umeongeza kitu?" akamuuliza bosi.

"Mimi? Mimi hata bafuni siimbi."

Rukhshanda akavaa visikilizio, akafungua rekodi ya ukimya wa chumba cha nne, waliouchukua kwenye nyumba ya kweli, mwanzo hakuna kitu, kisha kitambaa kinaburutwa sakafuni, kisha pumzi, pumzi ya mtu aliyekuwa amekaa hapo siku zote akiwatazama, ikisogea kutoka sikio la kushoto hadi la kulia na kutulia nyuma ya shingo yake, na ubani ukanuka ofisi nzima.

Alipofika nyumbani, mama alifungua mdomo kumkaribisha chai. Hakikutoka kitu. Daktari alichungulia koo, akasema ni zima kabisa.

Maalim Ghazanfar, mtaalamu wa majini, hakuangalia koo. "Mlirekodi wapi?"

"Jumba la kale, ndani ya mji wa zamani. Tupu. Tulichukua ukimya wa kila chumba, maalim, maana kila chumba kina wake."

"Mlipoingia mlitoa salamu?"

Rukhshanda akainama. Tangu utotoni alifundishwa kuisalimia hata nyumba isiyo na mtu. Lakini siku ile Tauqeer alisimama mlangoni na kidole mdomoni. Mtu akikohoa tu, wanaanza upya. Waliingia wakinyata, wote sita, na viatu vyao.

"Basi mmembeba jini mwenyeji wa jumba," maalim akanong'ona. "Ufuteni huo ukimya kabla haujatoka nje. Sauti ya mama itarudi."

"Nitaufuta kesho, dada, naapa," alisema Tauqeer, mwenye nakala ya mwisho ya gemu. "Mama yako ni mama yangu."

Kesho yake gemu ikaachiwa mtandaoni, na ukimya wake wote. Watu elfu arobaini wakainunua, wakaisifu: ndogo, lakini ukimya wake unasimamisha nywele! Tauqeer akawa hapokei simu.

"Sasa ana nyumba elfu arobaini," maalim alisema. "Nimfukuze kwenye ipi?"

Wiki tatu Rukhshanda alivumilia. Siku ya ishirini na mbili, mama akiwa kitandani nyuma yake, aliifungua gemu, akaukaribia mlango wa chumba cha nne.

"Assalaam alaikum," akasema polepole.

Bibi kizee akageuka. "Waalaikum salaam," ikajibu sauti ya mama, tamu kama zamani. "Umechelewa, binti. Viatu."

Nyuma yake mama aliziba masikio. Rukhshanda akainama, akavua.