Waya wa Darini

Mimi siogopi kitu, hata shule niliiacha kwa kuichoka, si kwa woga. Lakini yaliyomkuta rafiki yangu fundi umeme yamenifanya nisitamani nyama tena.

Alikwenda kwa mama wa mchumba wake kutundika taa za rangi za sikukuu, apate kukubalika. Kila alipoziwasha, taa za ndani zilififia, zikawaka, zikafifia tena.

"Fundi gani wewe, taa zinakukonyeza?" mama akamcheka. "Hizi zikikushinda, binti yangu utamweza?"

Akapanda darini kwa hasira. Nje jua kali, mle ndani giza totoro, na kitu kilisikika kama mtu anayemeza mate. Akapapasa hadi akaupata waya uliolegea. Sasa huyu bwana ni mchafu, humenya waya kwa meno, nimemsema mpaka nimechoka. Akang'ata, akavuta. Ganda lilikuwa laini, lenye chumvi na uvuguvugu.

Chini taa zikatulia. "Hapo hapo, mwanangu!" mama akashangilia.

Akatema kiganjani, akamulika kwa simu. Kilikuwa kipande cha ngozi, na vinyweleo vyake vilikuwa vikisimama kimoja kimoja.